Koilova za Impreza: anza na urefu, kitufe cha ugumu kiguse mwisho

Swali la msomaji kutoka Ruiru, kwa ufupi: Ana Subaru Impreza WRX ya 2004, umbo la GDA. Amefunga koilova (shokapu iliyovaa springi yake, yenye urefu unaorekebishika) zenye springi za kilo 8 kwa milimita mbele na kilo 6 nyuma, na kitufe cha ugumu wa shokapu chenye kliki 30. Ameshusha gari kwa kulegeza sahani za springi hadi tairi la mbele likaingia kidogo chini ya fenda, kisha akakaza vitufe vyote vinne hadi mwisho. Sasa gari linaruka kama mbuzi kwenye lami ya kawaida. Kwenye kona kali pua inakwenda nje, na mara nyingine mkia unakatika ghafla likikanyaga bonde katikati ya kona. Akiliinua kwa jeki, springi zinacheza mkononi. Anataka kushiriki mbio za kupanda kilima za lami kama Kiamburing TT, na fundi wake amemshauri anunue springi za kilo 10. Anauliza aanzie wapi.

Ndugu yangu, springi za kilo 10 usizinunue. Gari lako halina upungufu wa ugumu. Limenyimwa nafasi ya kuchezea, na makosa mawili tofauti yameshirikiana kuiiba nafasi hiyo.

Kosa la kwanza umelieleza mwenyewe bila kujua: springi zinacheza gari likiwa juu ya jeki. Gari lako lina uzito wa takriban kilo 1,400, na karibu asilimia 58 yake imekaa mbele kwa sababu injini ya boksa imetangulia mbele ya ekseli. Kila kona ya mbele ya gari, yaani kila gurudumu la mbele, inabeba kama kilo 406. Toa kilo 40 za gurudumu, diski na nakali (kile chuma kinachoshika gurudumu), zinabaki kilo 366 zinazolala juu ya springi. Gawa kwa 8: springi inabonyea milimita 46 gari likiwa limesimama tu.

Sasa tuseme fimbo ya shokapu ina mchezo wa milimita 120, na raba ya kugotea ina urefu wa milimita 35. Pima zako mwenyewe, maana kila mtengenezaji ana vipimo vyake. Nafasi huru ni milimita 85. Ukitoa 46 za uzito wa gari, zinabaki 39 kabla ya fimbo kugusa raba. Wewe umelegeza sahani, tuseme milimita 20 zaidi ya pale springi ilipoacha kushikwa. Milimita hizo 20 zimetoka kwenye hizo 39, kwa hiyo umebakiwa na 19. Zidisha 19 kwa 8 upate kilo 152. Kona kali yenyewe inaweza kuongeza mzigo unaokaribia huo kwenye gurudumu la nje, kabla bonde halijafika. Fimbo ikishagota, springi yako si ya kilo 8 tena. Raba ikibanwa huwa ngumu mara kadhaa kuliko springi, na ugumu huo unakuja kwa mpigo mmoja. Ukigota mbele, pua inakwenda nje. Ukigota nyuma, mkia unakatika. Hapo ndipo yalipo majibu ya malalamiko yako mawili makubwa.

Kosa la pili ni vitufe vilivyokazwa hadi mwisho. Kwenye koilova nyingi za kitufe kimoja, kitufe kinabadilisha zaidi mwendo wa fimbo kurudi kuliko mwendo wa kubonyea. Ukikaza kabisa, gurudumu linabonyea kwenye tuta la kwanza, na kabla halijarudi linakutana na la pili, halafu la tatu. Gari linazama hatua kwa hatua hadi linaendeshwa juu ya raba. Kwenye lami yenye mawimbi mengi utadhani ni springi ngumu, kumbe ni shokapu isiyoachia.

Kazi yenyewe ina mpangilio, na mpangilio huo haubadilishwi: urefu na mkazo wa awali wa springi (inavyobanwa na sahani kabla ya kubeba gari), kisha uzito wa kona (mzigo wa kila gurudumu), kisha pembe za magurudumu, na vitufe mwisho. Ukianza na kingine, kila hatua itaharibu iliyotangulia.

Anza kwa kuangalia koilova zako zinashushwaje. Kama mguu wa chini una nyuzi na nati yake ya kufungia, zile zinazorefushwa na kufupishwa kwa kuzungusha mguu, urefu wa gari unapangwa hapo chini, na sahani ya springi inabaki na kazi ya mkazo wa awali peke yake. Zako karibu hakika ni hizo, kwa kuwa koilova nyingi za GDA ni za aina hiyo. Toa koilova nje ya gari, safisha nyuzi kwa brashi na mafuta ya taa (vumbi la lami na matope ndivyo vinavyoua nati za alumini), kisha pandisha sahani kwa mkono hadi springi iache kucheza. Kutoka hapo ongeza milimita 5 kwa rula, si kwa macho. Pande mbili za ekseli moja lazima zilingane kwa milimita.

Wengi huamini kwamba kukaza sahani kunaifanya springi kuwa ngumu. Springi ya mstari iliyoandikwa 8 itabaki 8 hata ukiikaza milimita 30. Kinachobadilika ni mahali fimbo inaposimama: ukikaza zaidi unapata nafasi ya kubonyea na unapoteza ya kunyooka. Kwako, mkazo wa milimita 5 unaacha fimbo ibonyee 41 gari likisimama, na zinabaki 44 kabla ya raba. Yaani kilo 352 za ziada, badala ya 152. Springi ni zilezile, shokapu ni zilezile.

Sasa urefu. Mbele na nyuma GDA ina mfumo wa MacPherson, yaani shokapu yenyewe ndiyo inayoshika gurudumu kwa juu, na MacPherson haipendi kushushwa sana. Chungulia chini uangalie mkono wa chini wa mbele. Boljointi, upande wa gurudumu, inatakiwa iwe chini kidogo kuliko bushi ya upande wa bodi, au angalau zilingane. Boljointi ikipanda juu ya bushi, mambo matatu yanaharibika pamoja. Gari likilala kwenye kona, gurudumu la nje linapoteza kemba (mwinamo wa gurudumu; hasi ni juu kuingia ndani) badala ya kuongeza, kwa hiyo tairi linakanyaga bega lake la nje. Kitovu ambacho bodi inalalia kinashuka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari, hivyo gari linalala zaidi ingawa liko chini zaidi. Na tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, inabaki na pembe isiyofuatana na ya mkono, kwa hiyo kila tuta linageuza gurudumu bila wewe kugusa usukani. Kwa barabara zetu na mbio za lami ya kawaida, shusha milimita 20 hadi 25 kutoka urefu wa kiwandani, basi. Anayetaka chini zaidi anunue boljointi ndefu za kurekebisha pembe pamoja na tairodi zake. Bila hizo anapoteza mshiko ili apate sura.

Pima urefu kutoka katikati ya kofia ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa fenda. Usipime kutoka chini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Kila unaposhusha gari kutoka jeki, lisukume mbele na nyuma mita chache na ubonyeze kila kona, kwa sababu matairi yanakuwa yamebana kwa upande na yatalizuia kukaa. Kipimo kilichochukuliwa mara tu jeki ilipotoka hakina thamani. Kuna jambo moja mafundi wengi hulisahau: bolti za bushi za mikono zilegeze, gari likae kwenye urefu wake mpya, ndipo uzikaze. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, raba ya bushi inabaki imejisokota muda wote na itapasuka mapema.

Angalia pia urefu wa nyuzi ulioingia ndani ya mguu wa chini. Ndizo zinazobeba gari, na mtengenezaji ameweka kikomo. Nati tatu za juu za koilova, zile za chini ya boneti, ni ndogo: 20 Nm zinatosha, na spana ndefu huzikata. Zile bolti mbili nene za chini zinazoshika nakali kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari lako, na uwekee alama ya rangi bolti ya juu ya mbele, maana ndiyo yenye kichwa cha yai kinachobadilisha kemba. Geuza usukani hadi mwisho pande zote, gari likiwa limening'inia, uhakikishe mpira wa breki na waya wa ABS havijavutika.

Ukimaliza, zungushia ile kamba ndogo ya plastiki ya kufungia nyaya kwenye kila fimbo, ibane kiasi tu cha kuteleza kwa shida, na uisukume hadi kwenye mwili wa shokapu. Baada ya kuendesha, mahali ilipofika ndipo fimbo ilipoishia. Kama imefika kwenye raba, umegota. Kifaa hiki kinagharimu shilingi chache na kinamaliza ubishi wote wa gereji. (Kwenye koilova za fimbo iliyogeuzwa hakifanyi kazi, kwa sababu fimbo yenyewe imefichwa.)

Je, springi za 8 na 6 zinakufaa? Kuna hesabu ya kupima ugumu bila kubahatisha: mara ngapi kwa sekunde kona ya gari ingepanda na kushuka kama shokapu isingekuwepo. Kwenye springi ya MacPherson chukua asilimia 90 ya ugumu ulioandikwa, maana imeinama na imekaa ndani kidogo ya gurudumu. Kwa kilo 366 mbele, springi ya 8 inatoa takriban mara 2.2 kwa sekunde. Nyuma, kwa kilo 258 juu ya springi ya 6, ni karibu 2.3. Huo ni mpangilio wa uwanja laini na matairi ya mbio. Springi za 10 mbele zingekupeleka karibu 2.5, kwenye barabara yenye viraka. Gurudumu lingekuwa hewani nusu ya kona. Kwa lami ya mlimani yenye mabonde, mimi ningeweka 6 mbele na 5 nyuma, yaani takriban 1.9 na 2.1. Nyuma iwe juu kidogo kuliko mbele: gurudumu la mbele linakutana na tuta kwanza, na nyuma ikiwa ya haraka kidogo inaufikia mwendo wa mbele na bodi inatulia, haiyumbi kama mtumbwi.

Lakini usikimbilie kununua hata hizo. Kwanza rudisha urefu na nafasi ya fimbo, uendeshe, usome zile kamba. Na ukija kuweka springi laini kumbuka zinabonyea zaidi: 366 gawa kwa 6 ni milimita 61. Bila kuongeza mkazo wa awali, utakuwa umerudi karibu na raba. Hapa ndipo kukaza sahani milimita 15 au 20 kuna maana, kwa ajili ya nafasi, si ugumu.

Uzito wa kona unahitaji mizani nne na sakafu iliyo sawa kabisa. Keti kwenye kiti cha dereva, au weka mifuko yenye uzito wako, mafuta nusu tangi, na ufungue linki za stabilaiza (fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya ekseli moja ili gari lisilale sana) mbele na nyuma ili zisidanganye mizani. Tuseme umepata kulia mbele 430, kushoto mbele 405, kulia nyuma 290, kushoto nyuma 300. Jumla ni 1,425. Mshazari wa kulia mbele na kushoto nyuma ni 730, sawa na asilimia 51.2. Unatafuta 50, na nusu ya asilimia kila upande inakubalika. Kuinua kona kunaongeza uzito kwenye kona hiyo na ile iliyo mshazari nayo. Kwa hiyo shusha kulia mbele na kushoto nyuma nusu mzunguko kila moja, inua kushoto mbele na kulia nyuma nusu mzunguko, kisha pima upya. Ukigawa kazi kwa kona zote nne urefu wa gari haubadiliki. Usihangaike kusawazisha kulia na kushoto. Hiyo haibadiliki kwa kuzungusha nati, inabadilika kwa kuhamisha betri au kupunguza mwili wa dereva. Huna mizani? Linganisha urefu wa pande kwa milimita 2 na uendelee. Linki za stabilaiza zirudishe gari likiwa chini, zikiwa na urefu unaoruhusu bolti kuingia kwa vidole bila kulazimisha. Linki inayoingia kwa nyundo inasokota stabilaiza, na kona za kulia na kushoto zitakuwa tofauti.

Sasa pembe. Kwa matumizi yako anza na kemba ya mbele hasi digrii 2 hadi 2.5, na nyuma hasi 1.5. Tou, yaani magurudumu ya ekseli moja kuangaliana au kupeana mgongo, mbele iwe sifuri. Nyuma kila gurudumu liangalie ndani milimita 0.5 hadi 1. Nyuma ikiangalia nje hata kidogo, gari hili linapofunga breki kwenye mteremko linakuwa na wasiwasi usioisha. Kama gari ni la kila siku kwenda kazini, kemba ya mbele ya hasi 1.5 itakulindia matairi. Kinachokula tairi kwa ndani mara nyingi si kemba, ni tou iliyoachwa ovyo baada ya kemba kubadilishwa. Kila ukigusa kemba, tou inahama, kwa hiyo tou hupimwa mwisho siku zote.

Mashine ya alaimenti ni nzuri, ila kamba na timazi vinatosha kwa mtu mwenye subira. Kwa rimu ya inchi 17, kutoka ukingo hadi ukingo ni takriban milimita 455. Ning'iniza timazi karibu na gurudumu, pima umbali wa ukingo wa juu na wa chini: kila tofauti ya milimita 8 ni digrii 1. Kwa tou, vuta kamba mbili pande zote za gari kwa urefu wa katikati ya gurudumu, sambamba na mstari wa kati wa gari, upime ukingo wa mbele na wa nyuma wa kila rimu. Tofauti ya milimita 1 ni kama digrii 0.13. Kumbuka upana wa magurudumu ya mbele na ya nyuma haulingani, kwa hiyo weka kamba kwa kupima kutoka vitovu, usiiegemeze kwenye matairi.

Ukweli utausoma kwenye tairi. Karibu na bega lake kuna pembetatu ndogo. Mkwaruzo ukiivuka kwenda ubavuni, upepo au kemba haitoshi. Anza na psi 32 tairi likiwa baridi, na ulenge 36 hadi 38 likiwa la moto, ukipima mara tu unaposimama. Ukiwa na kipimajoto cha sindano, bega la ndani likizidi la nje kwa digrii 5 hadi 8 za Selsiasi uko pazuri. Likizidi sana, kemba ni nyingi. Katikati ikiwa moto kuliko mabega yote mawili, punguza upepo.

Kilomita 200 hadi 300 baada ya kufunga, rudia kupima urefu wote. Springi mpya hukaa na nati huteleza kidogo.

Ndipo sasa ushike kitufe. Zungusha taratibu kuelekea ugumu hadi kigote, bila nguvu, maana sindano ya ndani ni nyembamba. Kisha hesabu ukirudi nyuma. Hesabu kila mara kutoka ugumu kamili. Anza kliki 20 kutoka ugumu kamili, kona zote nne. Chagua kipande kimoja cha barabara iliyofungwa, au uwanja, na upite kwa mwendo uleule. Bodi ikiendelea kuelea baada ya tuta, kaza kliki 3, urudie. Mahali inapotulia baada ya mpando mmoja na mshuko mmoja ndipo pako. Ukipita hapo, kichwa kinaanza kurushwa kando na tairi linaanza kupiga kelele za kukatika-katika kwenye mabonde. Rudi kliki 2. Kwa springi zako za sasa huenda ukaishia kati ya 10 na 14.

Jiulize pia gari linakataa kona wakati gani. Kama ni pale unapogeuza usukani, legeza mbele kliki 2 au kaza nyuma 2. Kama mkia ndio unaokatika hapo, legeza nyuma. Kama ni katikati ya kona ndefu, mguu ukiwa umetulia, acha vitufe: fimbo haisogei hapo, na shokapu isiyosogea haina kazi. Hapo suluhisho ni kemba, upepo, au stabilaiza. Stabilaiza ya nyuma ya milimita 22 badala ya 20 ni ngumu zaidi kwa asilimia 46, maana ugumu unakua kwa kipeo cha nne cha kipenyo (1.1 × 1.1 × 1.1 × 1.1). Kwa Impreza yenye pua nzito ni dawa nzuri, lakini ifunge baada ya haya yote. Ikifungwa kwenye gari linalogota nyuma, itaongeza ule mkatiko wa mkia unaokutisha. Na kama linakataa wakati wa kukanyaga mafuta kutoka kwenye kona, kaza nyuma kliki 2 ili isichuchumae haraka na kuinyima pua uzito.

Badilisha kitu kimoja kwa mara moja, uandike daftarini: urefu wa kona nne, mkazo wa sahani, kemba, tou, upepo wa moto, kliki, na kamba ya plastiki ilifika wapi. Kama baada ya kurudisha urefu na mkazo wa milimita 5 kamba za mbele bado zinagusa raba, niandikie ukiwa na namba hizo pamoja na urefu wa fimbo na raba zako, tutazame springi.